Intavyu ya shule Uganda: umpeleke mtoto muhula wa tatu, Desemba au Januari?

Shule zikishafungua muhula wa tatu, mwezi Septemba, wateja wangu wa vitenge pale Kikuubo, sokoni Kampala, huanza kuniuliza mambo yasiyohusu vitenge. "Mama, nimpeleke mtoto intavyu sasa hivi au nisubiri Januari?" Intavyu ndiyo mtihani wa kuingia shule mpya, na wanajua nimeshaipitia kwa watoto wawili: kijana wangu mkubwa, na binti wa dada yangu aliyekuja kutoka Bukoba. Kila mmoja alifanya kwa wakati wake, na matokeo hayakufanana.

Jibu langu huanza na swali: mtoto amesoma wapi mpaka sasa? Aliyesoma Uganda kwa Kiingereza tangu nasari, mpeleke muhula wa tatu, tena mapema, Septemba au Oktoba. Aliyevuka mpaka kutoka Tanzania au Kongo, hata awe na akili kama sumaku, mpe muda umfundishe maneno kwanza, kisha mpeleke Januari. Wa P.7, yaani darasa la saba, la mwisho la msingi, ana kalenda yake peke yake, nitaifikia.

Mwaka wetu wa shule una mihula mitatu. Unaanza karibu na Februari, unaisha mapema Desemba. Tanzania wanafunga Desemba kama sisi lakini wanafungua Januari. Kongo mwaka wao unaanza Septemba na kuisha katikati ya mwaka. Usipoziweka kalenda hizi pamoja, utajikuta na mtoto aliyemaliza darasa Julai huko Goma halafu Kampala anakuta wenzake wako katikati ya darasa lilelile alilolimaliza.

Muhula wa tatu

Faida ya kwanza ya kwenda mapema ni ripoti, na watu wengi hawaioni. Shule unayoiomba itataka kuona ripoti ya muhula uliopita. Ukienda Oktoba, ripoti ya muhula wa pili tayari iko kabatini. Ukienda Januari wanataka ya muhula wa tatu, na hapo ndipo shule ya zamani inakukumbusha karo uliyobakiza. Shule nyingi za binafsi hazitoi ripoti mpaka umalize deni. Nimewaona wazazi wakizunguka Januari nzima wakitafuta shilingi laki mbili za shule wanayoihama, huku ile wanayoihamia imeshajaza viti.

Faida ya pili ni nafasi ya kukosea. Mtoto akianguka Oktoba, una miezi mitatu. Unaweza kuomba kuona karatasi yake (baadhi ya shule hukuonyesha, ukiomba kwa adabu), ukajua kama shida ni hesabu au ni kusoma swali, ukamtafutia mwalimu, ukajaribu shule nyingine. Akianguka wiki moja kabla ya kufungua, unachukua utakachopata.

Kijana wangu mkubwa alifanya Jumamosi ya Oktoba akiwa P.4, akiomba kuingia P.5. Siku yenyewe aliamka ana homa. Nilipiga simu kwa mwalimu wa taaluma saa moja asubuhi, nikiwa na hakika kwamba hela yangu ya intavyu imekwenda na maji. Akaniambia, "Mzazi, mpeleke akapimwe malaria, mlete Jumamosi ijayo." Wala sikulipa mara ya pili. Oktoba mwalimu ana Jumamosi za kugawa. Januari hana.

Kuna ubaya wake pia. Kwanza, mtoto bado hajamaliza kazi ya darasa lake. Intavyu ya kuingia P.5 hutungwa kutokana na kazi ya P.4, na mtunzi asiyejali anaweza kuweka mada ambazo mtoto wako atafundishwa Novemba. Kabla ya kulipia fomu, uliza hivi tu: "Mtihani unaishia mada za muhula wa pili au mwaka mzima?" Mwalimu anayeijua kazi yake atakujibu papo hapo, na akianza kubabaika umeshajifunza kitu kuhusu hiyo shule. Mimi niliambiwa ni muhula wa pili pamoja na mada mbili za mwanzo za muhula wa tatu. Nikaenda nyumbani nikafungua daftari zake, nikakuta mada moja kati ya hizo mbili hawajaigusa. Tulikaa nayo jioni nne mezani, yeye na chai yake, mimi na daftari la madeni ya duka.

Pili, pesa. Akipita, shule itataka uweke kitu cha kushikilia nafasi, na kwa kawaida hicho kitu hakirudi. Wakati huohuo bado unamalizia karo ya muhula wa tatu kule alipo. Kwa mfanyabiashara wa vitenge, hela nzuri inakuja Desemba watu wanaposhona nguo za sikukuu. Oktoba mkono ni mkavu. Niliomba kulipa kwa mafungu mawili, wakakubali, lakini niliomba kabla ya mtihani. Ukisubiri mpaka barua ya kukubaliwa iwe mkononi ndipo uanze kuomba, utaonekana msumbufu.

Tatu, usidanganyike na P.1. Wazazi wa nasari hudhani P.1 ndiyo mlango mpana kwa sababu ni mwanzo. Shule yenye nasari yake inajaza P.1 kwanza kwa watoto wake inaowapandisha. Viti vinavyobaki kwa wageni ni vile vinavyoachwa na wanaohama. Kwa P.1, muhula wa tatu si suala la kuchagua, ni lazima. Madarasa ya katikati, P.3 mpaka P.5, yana pumzi zaidi. P.6 ni pagumu, na P.7 shule nyingi hazichukui mgeni kabisa, maana matokeo ya mtihani wa taifa yatabeba jina lao na hawataki kubahatisha.

Desemba

Dirisha dogo ambalo watu hulidharau. Shule zikifunga mwanzoni mwa Desemba, zinabaki siku chache ofisi iko wazi na walimu bado wapo mjini. Mtoto ametoka tu kufanya mitihani ya mwisho wa mwaka, kazi ya mwaka mzima iko kichwani, ripoti imetoka na ina maneno "amepandishwa darasa". Kwa mtoto wa kawaida, yule wa katikati ya darasa ambaye Oktoba ungemwonea, wiki hiyo moja ni nzuri kuliko zote. Ila piga simu Novemba uulize kama wanafanya intavyu baada ya kufunga, na tarehe gani. Ukichelewa ukaenda baada ya katikati ya mwezi, utakuta askari wa getini na mbuzi wa Krismasi aliyefungwa kwenye mti.

Januari

Hapa nina mengi, kwa sababu ya binti wa dada yangu.

Alikuja na basi kupitia Mutukula mwanzoni mwa Desemba, amemaliza darasa la tano shule ya serikali Bukoba. Mtoto mkali wa hesabu. Dada alitaka aingie P.6 moja kwa moja, na mimi kwa kiherehere changu nikamkimbiza intavyu wiki hiyohiyo, vumbi la safari bado liko kwenye viatu. Akafeli. Mwalimu akaniita, akanionyesha karatasi. Swali moja liliwataka watafute GCF ya 12 na 18. Yeye alikuwa ameandika pembeni, kwa penseli, herufi KDS, akapiga hesabu safi kabisa, akapata 36. Kigawe kidogo cha shirika cha 12 na 18 ni 36 kweli. Lakini swali lilikuwa linataka kigawo kikubwa, ambacho ni 6. Vyote viwili anavijua, anavipiga hata usingizini. Alichokuwa hajui ni herufi tatu za Kiingereza. Katika karatasi ile nzima, maswali ya tarakimu tupu alipata yote; yenye sentensi, karibu yote alikosa. Na SST, yaani maarifa ya jamii, ambayo huku inauliza wilaya, milima na watu wa Uganda, alikuwa ameacha kurasa mbili nyeupe. Angeyajulia wapi?

Kwa hiyo nikapata kulinganisha Desemba na Januari kwa mtoto mmoja. Nilimtafutia mwalimu wa jirani, mama mstaafu, saa mbili kila asubuhi kwa wiki tano. Sikumwambia amfundishe hesabu. Nilimwambia amfundishe maneno ya hesabu: jumla, tofauti, gawanya, mzunguko, eneo, kwa Kiingereza, na kila neno aliandike kwenye karatasi upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Jioni alikuwa ananiletea zile karatasi dukani. "Mama mdogo, niulize." Wateja nao wakawa wanamuuliza huku wanachagua vitenge. Wiki ya tatu ya Januari akafanya intavyu shule nyingine, akapita.

Lakini kwa P.5. Simu niliyopigiwa usiku ule siisahau.

"Mdogo wangu, mtoto amerudishwa darasa na wewe umekubali?"

"Dada, P.7 mtihani wote ni wa Kiingereza. Akiingia P.6 sasa ana miaka miwili. Akirudia P.5 ana mitatu."

Alinyamaza muda, halafu akauliza karo ni kiasi gani. Ndivyo tulivyomaliza. Kwa mtoto aliyesoma kwa Kiswahili au Kifaransa, kulingana na uzoefu wangu, swali la kurudia darasa litakuja tu, na ni afadhali mlijadili ninyi wenyewe mapema kuliko kuambiwa na mwalimu mbele ya mtoto.

Januari ina faida moja halisi: nafasi zinafunguka. Kuna waliolipia wakahama mji, waliohamishwa kikazi, walioshindwa karo. Shule iliyokuambia Oktoba "tumejaa" inaweza kukupigia simu yenyewe. Ila madirisha ya mwisho yana hatari mbili. Ya kwanza ni ile shule inayompa kila mtoto mtihani na kila mtoto anapita. Kama wamesahihisha kwa dakika kumi na wanakuuliza utalipa lini, walichopima ni mfuko wako. Ya pili niliionja mwenyewe. Kabla ya binti kupata ile shule iliyompokea, nililipa shilingi 50,000 za intavyu mahali fulani, akafanya, na kesho yake nikaambiwa P.5 ilikuwa imejaa tangu Desemba. Hela hazikurudi. Tangu hapo, Januari silipi kabla ya kuuliza, "Mna viti vingapi darasa hili leo?" Nataka namba. "Tutaona" siyo namba.

Nyongeza ndogo: wanaokumbuka Januari 2022, shule zilipofunguliwa baada ya karibu miaka miwili ya korona, wanaweza kubisha kwamba Januari kila mtu aliingia kirahisi. Kweli, watoto walipandishwa tu, na hata shule hazikujua nani anajua nini. Mwaka ule haufai kuwa mfano wa chochote.

Katikati ya mwaka

Kuingia Mei au Septemba kunawafaa watu wachache: waliohamishwa kikazi, na watoto wanaotoka Kongo ambao mwaka wao umeisha. Intavyu za wakati huo huwa hazina msongamano, mara nyingi mtoto anafanya peke yake ofisini kwa mwalimu mkuu. Kwa mtoto aliyemaliza mwaka Julai huko Goma au Bukavu, mimi humwambia mzazi amwingize muhula wa tatu katika darasa la chini kwa moja, apate miezi mitatu ya kuzoea lugha, kisha Februari aanze mwaka mpya. Ukiona anapanda haraka, omba arushwe. Kurusha mtoto ni rahisi kuliko kumshusha.

P.7 msijaribu kabisa. Usajili wa mtihani wa taifa kwa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, hufanyika mapema mwaka huo, mtoto anasajiliwa chini ya shule yake. Ukihama baada ya hapo, jina lake linabaki kule ulikomtoa.

Wa P.7: kabla ya PLE au baada ya matokeo?

Hapa intavyu inabadilika sura. PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, hufanyika mwanzoni mwa Novemba, karatasi nne kwa siku mbili: hesabu na SST, kisha sayansi na Kiingereza. Kila somo linapata daraja la 1 mpaka 9, unajumlisha, bora kabisa ni agrigeti 4 na mbaya kabisa ni 36. Matokeo hutoka Januari. Ya mtihani wa 2024 yalitoka tarehe 23 Januari 2025. Baada yake shule za sekondari hukutana kuchagua wanafunzi wa S.1, mwaka wa kwanza wa sekondari, na Februari watoto wanaripoti. Ni wiki chache mno, na ndiyo maana sekondari nyingi za binafsi huanza kupokea watu mapema, kwa ripoti za P.6, kwa mitihani ya majaribio ya P.7 na kwa intavyu yao wenyewe, hata kabla ya PLE.

Watu wengi hufanya kinyume na ninavyoona mimi. Mwenye mtoto wa agrigeti 4 au 6 anakimbilia kulipia nafasi Oktoba, na mwenye mtoto wa 16 anasema asubiri, labda matokeo yatashangaza. Mimi ningegeuza. Mtoto wa 4 atatafutwa. Januari shule za binafsi zenyewe zitamtaka, nyingine zitampunguzia karo, na shule kongwe kama Budo, Gayaza au Namilyango zinachagua kwa agrigeti hizohizo baada ya matokeo. Ukishalipa nafasi Oktoba umejifunga mwenyewe kabla ya mnada kuanza. Mtoto wa 14 mpaka 20 ndiye anayehitaji kiti cha mapema, kwa sababu shule zikishaona matokeo zitaweka mstari, mathalani mwisho 12, na yeye atabaki nje ya mstari kwa alama mbili, ilhali intavyu ya Oktoba ingemwingiza kwa ripoti na tabia yake. Muhimu ni kuuliza: nafasi hii inasimama hata akipata agrigeti ngapi? Kama wanakupa nafasi lakini wanasema itategemea matokeo, basi bado huna kitu, usiache hela nyingi.

Na aliyesoma nje ya Uganda akitaka S.1 au darasa la mbele zaidi, aanze kwa kupeleka vyeti vyake UNEB vikalinganishwe na vya hapa. Shule inaweza kumpokea kwa intavyu yake, lakini akifika S.4 usajili wa mtihani utadai karatasi hiyo, na wakati huo kuitafuta ni jasho.

Shule za kimataifa

Kwa ufupi, maana wateja wangu wengi hawako huko. Mwaka wao unaanza Agosti au Septemba, na shule kama ISU kule Lubowa au KISU ya Bukoto hazifuati misimu yetu ya Oktoba na Januari. Mtoto anapimwa wakati wowote mzazi anapoomba, na kinachoamua ni kama darasa lina nafasi. Ukitaka Agosti, fanya Februari mpaka Aprili, kabla watu wa mashirika na balozi hawajaanza kuhamia mjini.

Kijana wangu mdogo yuko P.3 sasa, amesoma Kampala tangu nasari. Anafanya Jumamosi ya pili ya Oktoba. Fomu iko dukani chini ya marobota, na picha mbili, nakala ya cheti cha kuzaliwa na ripoti ya muhula wa pili. Nimeuliza mada: zinaishia muhula wa pili. Nimeuliza viti: sita. Karo ya huku anakosoma nimebakiza laki na nusu, lakini hiyo wataidai Desemba, na Desemba vitenge vinauzika.